Kanga Juu ya Paneli ya Sola

Mume wangu alipostaafu udereva wa mabasi hakutaka shamba wala kuku. Alitaka gari. Alinunua kipanya, kile kibasi kidogo cha abiria, kilichochoka pale Msamvu, kikaletwa nyumbani Kihonda kikivutwa kwa kamba, na mwaka mzima uwani kwetu kukawa gereji. Aling'oa viti vyote, akaweka kitanda chenye droo chini, jiko dogo la gesi, ndoo ya maji yenye koki, pazia kila dirisha, na friji dogo la kutumia betri. Mimi niliuita upuuzi, tena mbele yake, mpaka siku tuliyolala ndani yake Mikese, mvua inapiga juu ya bati, nikaamka mgongo hauumi. Tangu siku hiyo nikafunga mdomo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Nimefundisha fizikia sekondari maisha yangu yote ya kazi, na aliyewahi kukaa darasani kwangu anaijua sauti yangu. Mume wangu ananiita Mwalimu. Akinuna ni Mwalimu, akinipenda ni Mwalimu, inabidi nisikilize sauti ilivyo ndiyo nijue leo tuko upande gani. Mimi namwita Dereva.

Tatizo la lile gari lilikuwa betri. Dereva alifunga betri mbili, moja ya kuwashia injini na nyingine ya kulisha taa na friji. Gari likitembea, ile ya pili inachajiwa na injini, hakuna neno. Likisimama siku mbili, friji linaimaliza. Alikuwa anawasha injini saa nzima gari limesimama ili kuchaji, moshi unaingia mpaka chumvini. Nikamwambia Dereva, sola ipo, jua la Morogoro linatuchoma bure, unahangaika na nini?

Juu ya gari hapakufaa. Kuna keria ya mizigo, na halafu nani anaegesha nyumba yake juani? Ukiegesha kivulini wewe unapoa ila paneli inalala njaa. Tukachagua paneli ya kukunja, yenye miguu, unaitoa kama meza na kuisimamisha popote jua lilipo, waya mrefu unarudi garini. Katikati unafunga kontrola, kile kisanduku kinachozuia betri isishibe kupita kiasi na kukuonyesha imebaki na nguvu kiasi gani. Mume wangu akarudi kutoka mjini na waya mwembamba kama wa redio. Hapo tuligombana! Nilimweleza kwamba umeme kidogo ukipita njia ndefu na nyembamba unaishia njiani. Akasema waya ni waya. Nikachukua mita, nikampimia mwanzo wa waya na mwisho wa waya, akatazama namba, akavaa kofia yake akarudi dukani. Waya mnene ulipokuja tukaufunga pamoja: fyuzi karibu na betri, betri iungwe kwanza kwenye kontrola, paneli mwishoni. Tukaijaribu uwani siku tatu. Friji halikuzima hata dakika. Nilifurahi, jamani, nikamkumbatia Dereva mchana kweupe na jirani anachungulia.

Friji lenyewe nilikuwa na sababu yangu ya kulijali. Nina sukari, na nachoma sindano ya insulini. Chupa za akiba zinataka ubaridi. Hilo mume wangu alilijua, wanangu walilijua, mama yangu hakulijua.

Mama anaishi juu milimani, huko Uluguru kwenye karafuu na migomba, katika nyumba ya udongo aliyorithi kwa mama yake, kama ilivyo kwetu Waluguru ardhi kupita kwa wanawake. Umeme haujafika kwake. Dada yangu mkubwa naye alikuwa na sukari. Alimeza vidonge miaka mingi, akabadilishiwa sindano, na mwaka haukwisha tukamzika. Toka hapo kichwani mwa mama mtu wa vidonge anaumwa, mtu wa sindano anaaga. Sasa mimi daktari aliponiambia nimefika kwenye sindano ningemwendea vipi yule bibi? Nikanyamaza. Nikawa naenda kumwona asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Kila mara ananiuliza, "Hulali?" Kila mara nasema nina kazi mjini. Nilipostaafu nikaanza kusema mume wangu hajisikii vizuri. Nilijiambia ni suala la friji. Uongo. Nesi aliniambia zamani kwamba kichupa kimoja kilichofunguliwa hakihitaji friji kwenye ubaridi wa milimani. Niliogopa macho ya mama tu, basi.

Ndiyo maana lile gari lilinifaa. Friji lipo, pazia lipo, nachoma humo ndani na kutoka nikijifuta mdomo kama niliyetoka kunywa chai. Tukapanga kukaa kwa mama wiki mbili, msimu wa karafuu. Nilikuwa sijalala pale miaka sita.

Tulipofika mama alishangilia mpaka majirani wakatoka. Aliposikia tutalala, akauliza tutalala wapi. Nikamwonyesha gari. Furaha ikapungua usoni, lakini akasema, "Haya, hata hapo ni nyumbani." Dereva akaegesha chini ya mfenesi, akasimamisha paneli uwanjani, pembeni ya mikeka ya kuanikia karafuu, penye jua safi. Asubuhi yake mimi na mdogo wangu anayeishi jirani na mama tukaenda kuchuma, Dereva akabaki kumsaidia mama kuchambua vikonyo.

Narudi alasiri, kontrola inaonyesha betri imeshuka. Nikasema ni ukungu wa asubuhi. Siku ya pili jua liliwaka tangu saa tatu, nimelisikia mgongoni kwangu huko shambani, lakini narudi nakuta betri iko chini zaidi, na jioni friji likazima. Nikamgeukia Dereva.

"Umeunga nini hapa?"

"Nimeunga kama tulivyounga Kihonda."

"Kihonda liliwaka!"

"Mwalimu, punguza sauti. Mama anasikia."

Akachukua chupa zangu, akazifunga kwenye mfuko, akazitia kwenye ndoo ya maji ya kijitoni, na maji ya kule yanauma mifupa, hazikuharibika. Lakini alikuwa na kitu. Nimeishi na yule mtu muda mrefu, akificha jambo anakuna shingo, na jioni ile aliikuna mpaka ikachubuka. Nikawaza ameunguza kontrola anaona haya kusema. Nililala nimempa mgongo.

Siku ya tatu nikamwacha mdogo wangu kwenye karafuu, nikateremka saa sita, mita mkononi, nimejiandaa kukagua kila kiungo na kugomba. Nafika uwanjani, nasimama. Paneli imefunikwa kanga. Kanga ya mama, ile yake nzuri ya kutokea, imetandazwa imenyooka, na kila pembe imewekewa jiwe. Dereva amekaa kwenye kigoda hatua kumi kutoka pale, amegeukia mlimani.

"Dereva! Unaliona hili?"

"Naliona."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Nilihisi damu inanipanda. "Na umekaa unaangalia?"

Akageuka, maskini, jasho linamtoka. "Sasa nifanyeje? Kanga ya mama mkwe niivue mimi? Kwa mkono wangu?"

Alikuwa sahihi. Kwetu mkwe wa kiume hashiki nguo ya mama mkwe, hata ikianguka njiani ataizunguka. Na kuniambia mimi ingekuwa kumshitaki mama kwa binti yake. Siku mbili nzima yule mtu amekaa na kanga ile kama amefungwa nayo jela. Nikaanza kucheka na hasira bado ninazo, hali mbaya sana hiyo.

Mama akatoka jikoni, vikonyo vya karafuu vimemganda mikononi. "Mnacheka nini?"

"Mama, nani kafunika hiki?"

"Mimi. Mnaacha kioo kizuri hivi kinaungua na jua kutwa? Likipoa alasiri nakifunua. Mkwe wangu ni mtu wa heshima, hata akiona kitu chake cha thamani kinaharibika hasemi. Nikaona nimsaidie."

"Lakini mama, na karafuu si umezianika hapo hapo?"

"Karafuu ni karafuu! Kioo nacho unakikausha kiwe nini?"

Nikamweleza basi, kama ninavyoeleza kidato cha kwanza: kile kioo kinakula jua, kinalitoa umeme, umeme unaingia kwenye betri, betri inaendesha friji. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na friji lina nini?"

"Vyakula tu, mama. Nyama. Maziwa."

"Nyama mmeila jana. Maziwa mnachukua kwa jirani hapo." Akanitazama, akamtazama Dereva. "Mkwe wangu. Friji lina nini?"

Kumdanganya mama mkwe hawezi, kunisaliti mimi hawezi. Akainamisha kichwa akasema taratibu, "Mama, tafadhali, muulize mwenyewe."

Nikajua nimefika. Niliingia garini, nikatoa kile kichupa kwenye ndoo na sindano kwenye droo, nikarudi kukaa kwenye mkeka mbele yake. Ilikuwa imekaribia saa yangu ya kula. Nilivuta dawa, nikainua blauzi, nikajichoma tumboni, mama anatazama. Dereva alikuwa ameondoka kwa adabu akasimama nyuma ya mfenesi.

Nilingoja kilio. Alilia sana kwa dada, nilikijua kilio chake.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka wa sita huu, mama."

"Sita."

"Sita."

Akakaa chini, polepole, akashika goti langu kwa ile mikono yenye harufu ya karafuu. "Na hujafa," akasema.

"Sijafa, mama."

"Miaka sita." Sauti ikaanza kuvunjika sasa. "Mimi nikajua umeichoka nyumba yangu. Nikasema mwanangu amesoma, udongo unamtia kinyaa, haya, sitamlazimisha. Nikiona gari linaondoka saa kumi naingia ndani nafunga mlango. Kumbe ni hiki?" Akakiokota kile kichupa, akakigeuza, kidogo kuliko kidole chake gumba. "Kumbe ni hiki tu?"

Mimi nililia, sitaficha. Nililia kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimejiona namhurumia miaka yote ile, na kila jioni nilikuwa namwacha akidhani simtaki. Nilimwomba msamaha. Alinisonya, akaniambia nisimlilie kama mtoto mbele ya mkwe, na yeye machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Akainuka, akatoa mawe manne, akakunja kanga yake. Akamwita Dereva aje amwonyeshe kioo kinatazama wapi. Mchana ule wote kila kivuli cha mfenesi kiliposogea, nilimsikia akipaza sauti, "Mkwe, njoo tugeuze!" na Dereva anakuja mbio. Magharibi kontrola ilionyesha betri imepanda tena, friji linanguruma, na mume wangu anachekacheka peke yake.

Usiku ule yeye alilala garini na friji lake. Mimi nilibeba mto wangu nikaenda kulala kitandani kwa mama.