Jiwe Miguuni pa Nyanya

Ukuta wa soko la Homa Bay ulipochorwa, mimi niliupenda kabla hata sijautazama vizuri. Mwanamke mrefu kuliko milango ya maduka, shanga shingoni, kifua wazi, ziwa nyuma yake. Watu walipiga selfi hapo, kila mmoja akiwa amevaa kuliko yeye.

Picha ya kamera ambayo mchoro huo ulinakiliwa tuliijua. Ilipigwa na afisa wa Kiingereza enzi za ukoloni, na binamu yangu aliikuta mtandaoni miaka kadhaa iliyopita. Chini iliandikwa "mwanamke wa Kavirondo", jina ambalo wakoloni waliwaita watu wa kwetu, basi. Mama yangu alimtambua kwa kovu la moto begani: nyanya yake mzaa baba.

Mama alipata habari, akaja kutoka Uriri na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Alisimama mbele ya ukuta akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema ni sanaa. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, nikajiona mpumbavu.

Mchoraji, Mkuria wa Isebania, alikuwa bado juu ya ngazi akimalizia maji ya ziwa.

"Huyu ni nyanya yangu," Mama akamwambia. "Mvalishe."

"Mama, hii ni history. Nimechora tu vile picha iko. Siwezi ongeza nguo."

"Alikuwa na nguo. Gauni ya kanisa, alishona mwenyewe. Mzungu alimwambia atoe, ndio akae vile yeye anataka. Hata hizo shanga si zake. Alituambia hiyo maneno mpaka akakufa, na hakuwahi kucheka akituambia."

Mchoraji alishuka, akatoa simu, akaikuza ile picha. Nyanya anatazama pembeni. Miguuni pake, kwenye kona, kuna kitu cheupe kilichokunjwa vizuri. Ukutani, mahali hapo hapo, mchoraji alikuwa amechora jiwe.

"Ndio hiyo," Mama akasema.

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Yule afisa mwenyewe alishakufa zamani, pengine kitandani kwake, kwao Uingereza.

Juma lililofuata tulirudi. Gauni alilomchorea lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, limefika vifundoni, na kovu halikuonekana tena. Mchoraji alisubiri kusifiwa. Mama alilikagua kutoka shingoni hadi kwenye pindo kama mtu anayelinunua, kisha akanyoosha kidole chini.

"Na hiyo jiwe utoe," akasema. "Ameshaokota gauni yake."