Umeme Ukikatika, Anzia Hapa

Mwongozo wangu wa kujenga mfumo wa kompyuta wa Linux kutoka mwanzo ulianza na kurasa nyingi za ubishi. Nilitaka msomaji aihoji kila amri kabla ya kuiandika. Shemeji yangu, mke wa kaka, anayefundisha kompyuta katika sekondari moja ya Lundo, kando ya ziwa, alizisoma akacheka.

“Shemeji, hapa unafundisha Linux au unagombana na dunia?”

Mkuu wake wa shule alikuwa ameweka sharti. Wanafunzi wakijenga mfumo ukawaka kwa kufuata mwongozo tu, bila mimi kufungua mdomo, mwongozo utafundishwa. Wakishindwa, niurudishe nyumbani.

Nikaanza kukata. Historia ikatoka. Mabishano yangu matamu kuhusu majina ya folda yakatoka, nayo yaliniuma. Niling'ang'ania onyo moja, lirudiwe juu ya kila sura: umeme ukikatika. Miongozo niliyojifunzia ilidhani umeme haukatiki. Kumbe mashine ikiwashwa upya, ile sehemu ya diski unayojengea huwa haijaunganishwa. Ukisahau kuiunganisha, kazi yako inamwagika kwenye mfumo wa zamani na kuuvuruga. Nikaandika, nikiwaza mashimo ya kulimia ya kwetu milimani: “Ni kama ngoro. Laza nyasi kwanza, ndipo ufukie kwa udongo.”

“Ngoro za Wamatengo watoto wa ziwani watazijulia wapi?” shemeji akasema. “Onyo libaki. Mashimo yenu rudisha kwenu Mkumbi.”

Nikayafuta.

Wakati wa jaribio nilikaa nyuma ya darasa, kando ya mkuu wa shule, mikono nimeikalia. Walikuwa katikati ya sura ngumu kuliko zote umeme ulipokatika. Uliporudi, msichana aliyekuwa kwenye kibodi akaanza kuandika amri pale pale alipoishia. Nikang'ata ulimi.

“We, subiri!” mwenzake akamshika mkono. “Umesoma pale juu?”

Akasoma. Akafuta alichoandika, akaunganisha diski, akaendelea.

Kazi ilipokamilika wakaiwasha mashine. Mistari ikateremka kwenye kioo, ikasimama, ikauliza jina la mtumiaji. Darasa lililipuka kwa vigelegele, na mimi nikapiga kelele kuliko wote. Sharti lilikuwa limekwisha.

“Utafundishwa,” mkuu akasema, akinipa mkono.

Shemeji alikuwa ameshachukua chaki. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NYASI KWANZA, UDONGO BAADAYE.

“Ubaoni tu, shemeji,” akaniambia. “Kitabuni usithubutu.”