Mtaalamu wa Sura Tisa

Katika kaunti yetu hapa Kansas, ukitaka ushauri wa trekta unamwendea kaka yangu Merle Unruh, na ukitaka ushauri wa mtaala wa Kilatini kwa watoto unaowasomesha nyumbani unamwendea mke wake, Twyla. Wanawake walikuwa wakitoka mbali, wengine mwendo wa saa nzima, kuja kukaa jikoni kwake na daftari. Twyla aliwapa kahawa, akawapa na hukumu. Ule wa vitabu vyekundu ni mkavu. Ule wa nyimbo unawafanya watoto wawe kasuku. Ule wa video una mzee anayetema mate kila akitaja jina la Kaisari. Alijua yote hayo kwa sababu mitaala yote mitano alikuwa nayo kwenye rafu, na mitano yote alikuwa ameianza.

Mimi naitwa Arlys. Ni dada yake Merle, na kazi yangu ni kuendesha basi la shule. Sasa fikiria mwenyewe: wifi mmoja anawasomesha watoto nyumbani ili wasipande basi la njano, na wifi mwenzake ndiye dereva wa basi lenyewe. Siku za sikukuu ni maneno ya pembeni kuanzia supu mpaka pai. Mimi nami niliwahi kuwasomesha wanangu nyumbani kwa mwaka mmoja na nusu. Wakanichosha, nikawachosha, nikawapakia kwenye basi na kila mmoja wetu akapumua. Twyla aliliona hilo kama kuasi dini.

Kwa nini Kilatini, usiniulize mimi. Sisi ni Wamenonaiti, dhehebu dogo la Wakristo. Mababu zetu walichomwa moto na watu waliosali kwa Kilatini, na leo wajukuu tunakinunua kwa maboksi. Twyla anasema kinanoa akili. Huenda. Kwa jinsi nilivyoona, kilichonoleka zaidi ni majina ya kuku. Kuku wake wote waliitwa kwa maneno ya sura ya kwanza: Puella, yaani msichana, Silva, yaani msitu, na jogoo mmoja mkorofi aliyeitwa Agricola, yaani mkulima, ambaye tulimla Siku ya Shukrani na alikuwa mgumu kutafuna.

Kila mwaka mambo yalikwenda vilevile. Mwezi wa nne, akina mama wa kusomesha nyumbani hukusanyika Wichita, katika ukumbi mkubwa ambamo wauza vitabu hupanga meza zao. Wanakuja wakivuta masanduku ya magurudumu, na ndani hakuna kitu, ni ya kujazia. Twyla alirudi na mtaala mpya akiwa na uso wa bibi harusi. Mwezi wa tisa, sura ya kwanza, nyumba nzima inaimba. Krismasi, sura ya nane. Mwezi wa pili wakiwa sura ya tisa, Twyla anaanza kuona kasoro. Maandishi madogo. Picha za miungu wasiovaa nguo. Halafu Wichita tena, na mwezi wa tisa sura ya kwanza tena.

Mimi nilisema ana tamaa ya kununua tu, kama wengine walivyo na tamaa ya viatu. Nilisema mbele yake, nikasema na nyuma yake.

Mwaka ninaousimulia, kikundi cha akina mama wanaokutana kila Alhamisi kwenye chumba cha chini cha kanisa letu, familia sita, waliamua kuacha kila mtu na lake. Watachukua mtaala mmoja wa Kilatini, Twyla auchague, na Twyla ndiye afundishe watoto wakubwa. Alikuwa na furaha ya kuweza kuruka.

Wiki tatu kabla ya Wichita tulikuwa jikoni kwake tukitengeneza mikate ya kujaza nyama na kabeji. Binti yake mkubwa, Felicity, wa miaka kumi na minne, akafuta unga mikononi.

"Mama," akasema, "mwaka huu ukinirudisha sura ya kwanza, mimi napanda basi la shangazi."

Twyla akacheka. Felicity akachomoa fomu ya shule kwenye droo ya vijiko. Alikwishajaza kila mstari, imebaki saini ya mzazi tu.

Twyla hakumgeukia mtoto, alinigeukia mimi. "Wewe wifi! Wewe ndiye uliyemtia maneno."

"Mimi? Nina watoto arobaini na wawili wa kuwafokea kila asubuhi. Wa arobaini na tatu wa kazi gani?"

"Unataka kunicheka mbele ya ukoo."

"Hilo nalifanya bila kusaidiwa na mtoto."

"Shangazi hajui lolote," Felicity akasema. "Fomu nimeichukua mwenyewe."

"Lakini mwanangu, safari hii nitachagua vizuri! Safari hii tutafika mbali!"

"Ulisema hivyo mwaka jana, mama. Na mwaka juzi."

Twyla akaendelea kukunja mikate, ila ile aliyoikunja baada ya hapo ilipasukia yote kwenye oveni. Aliogopa. Merle alikuwa shambani mchana kutwa, na watoto wake wawili ndio waliokuwa kazi yake, ushirika wake na maisha yake. Felicity akipanda basi, nusu ya maisha yale inaondoka saa moja na robo asubuhi, na anayeiondoa ni mimi. Nami nitasema ukweli: moyoni nilifurahi.

Basi tukaenda Wichita. Gari lao lilikuwa limefunguliwa injini na Merle, kwa hiyo dereva nilikuwa mimi, na Felicity akaja ili asichaguliwe kitu akiwa hayupo. Mdogo wake, Tirzah, aliachwa na kuku.

Ukumbini Twyla alikuwa mtu mashuhuri. Wanawake walimfuata meza hadi meza. Alishika kitabu, akakinusa, nasema alikinusa, akapindua kurasa, akasema, "Huu mzuri mpaka katikati," na wote wakaandika. Mimi nilinunua mkate wa chumvi uliosokotwa nikawa nawafuata nyuma natafuna.

Tukafika kwenye meza ya mzee mmoja mwenye tai ya kipepeo, anauza mtaala wa vitabu vinne vya kijivu. Mzee akasema hauzi kitabu kabla mtoto hajapimwa, na akachomoa karatasi ya maswali ya kuonyesha mtoto aanzie kitabu kipi.

"Apimwe?" Twyla akasema. "Huyu ana miaka mitano ya Kilatini, mzee wangu."

"Basi hatachukua muda."

"Nipe na mimi moja," Twyla akasema, huku akiwatazama wale wanawake. "Tumwonyeshe mzee."

Wakakaa mama na binti kwenye viti vidogo. Wanawake walisubiri kidogo, kisha wakatawanyika, maana meza ya pili yake ilikuwa inagawa kalamu bure. Felicity aliandika mfululizo bila kuinua kichwa. Twyla aliandika haraka nusu ukurasa, akasimama, akafuta, akautazama mlango.

Mzee akasahihisha. Juu ya karatasi moja paliandikwa F. Unruh, na juu ya nyingine T. Unruh. Akatabasamu, akamkabidhi Twyla ile iliyojaa alama za vema.

"Hongera sana, mama. Wewe uko katikati ya kitabu cha tatu, unaweza kumfundisha huyu binti bila shida yoyote." Kisha akamwinamia Felicity kwa upole. "Na wewe usikate tamaa, mwanangu. Utaanza kitabu cha kwanza, taratibu, sura ya kwanza."

Hakuna aliyemsahihisha. Felicity alitazama viatu vyake. Twyla alikuwa ameshika karatasi yenye mwandiko wa binti yake. Mimi nilitaka kusema kitu na mdomo umejaa mkate, na namshukuru Mungu kwa ule mkate.

"Asante, mzee," Twyla akasema. Akavuta sanduku lake tupu mpaka kwenye korido, akalikalia.

"Umejifunzia wapi haya?"

"Kwenye rafu," Felicity akasema. "Wewe ukiviacha, mimi naendelea navyo. Vile vyekundu nilivimaliza mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na ukakaa na mimi sura ya kwanza, ukaimba?"

"Niliimba."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Felicity akasita. "Ulikuwa unafurahi sana kila tukianza."

Twyla akainamisha uso kwenye ile karatasi. Alipouinua alisema nasi sote wawili, au hakusema na yeyote. "Ile sura ya tisa siielewi. Nimeisoma kwenye vitabu vitano, maana somo lake ni lilelile kote. Nimeisoma nikiwa nimefunga na kuomba. Kila mara huwa natangulia somo moja mbele yenu, nikifika pale nakuta giza. Nikasema huenda ni kitabu. Nikatafuta kingine."

"Najua, mama."

"Tangu lini?"

"Mtaala wa pili."

Miaka mitano nilikuwa nimemcheka yule mwanamke kuwa ana tamaa ya kununua, kumbe alikuwa amekwama na anaona haya kusema. Mtoto alijua. Mimi shangazi mtu mzima, mwenye mdomo mrefu kuliko basi langu, sikujua. Niliona aibu mpaka masikioni.

Siku ile Twyla hakununua kitu. Garini aliomba ile fomu, Felicity akaitoa mfukoni, na Twyla akaiweka juu ya goti lake, akatia saini. "Mimi sina cha kukufundisha," akasema, akaangalia mashamba ya ngano mpaka tukafika nyumbani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikupata hamu hata ya kuwasha redio.

Alhamisi ikaja. Nilikwenda ingawa siruhusiwi, kwa kuwa mimi ni wa basi, lakini nilibeba chombo cha maharage na hakuna Mmenonaiti atakayemfukuza mtu mwenye chakula. Akina mama sita walikaa kwenye meza ndefu. Mwenyekiti wao, Verna Goering, alikuwa na kalamu tayari.

"Haya Twyla, tupe jina. Tunaagiza leo."

Twyla akasimama. Alikuwa amevaa gauni la Pasaka.

"Sina jina," akasema. "Mimi si mtaalamu. Nimeanza mitaala mitano na sijawahi kuvuka sura ya tisa, kwa sababu siielewi. Nimewashauri kwa miaka mitano juu ya vitabu ambavyo sikujua vinaishaje. Naomba mnisamehe."

Mashine ya kahawa ikakoroma. Halafu yule mwanamke mwembamba wanayemwita Mama Judah, ambaye watoto wake huimba Kilatini kanisani mpaka watu wanatoa machozi, akakohoa.

"Umesema tisa?"

"Tisa."

"Mimi sijawahi kuvuka ya sita."

"Sisi tuliishia ya nne," mwingine akasema, "na tulikuwa na video!"

"Yule mzee wa mate?"

"Huyohuyo!"

Verna Goering, mwenyekiti, akaweka kalamu chini. "Mimi sijafungua boksi," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Nimeliweka chini ya mashine ya kushonea kuinulia mguu wake." Hapo wakaangua kicheko, mmoja akalia kwa kucheka, na mimi nikajimwagia maharage kwenye sketi.

"Sasa watoto watafundishwa na nani?" Verna akauliza, akipangusa macho.

"Anayeweza yuko pale," Twyla akasema. Felicity alikuwa kwenye sinki anasuuza vikombe. "Ila mwezi wa nane anapanda basi. Nimesaini mwenyewe, na msimsumbue."

Wote wakageuka. Felicity akazima bomba. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nitapanda, kweli," akasema. "Nataka mwalimu anayejua kuliko mimi. Samahani, mama."

"Usiombe samahani."

"Lakini shangazi ananirudisha saa tisa na nusu. Alhamisi nikishuka hapa, naweza kufundisha." Akakausha mikono polepole. "Ila si watoto. Watoto hawana shida. Tirzah angekuwa mbali sasa hivi. Wanaokwama ni ninyi, halafu mnawarudisha wote nyuma. Nitawafundisha ninyi."

Wanawake wazima sita, mmoja wao mke wa mchungaji, wakatazamana. Nilisubiri mmoja amkaripie kwa kukosa adabu. Mama Judah ndiye aliyeanza kuvuta kiti kukisogeza mbele, na wengine wakafuata.

"Leo?" akauliza.

"Leo kama mna muda," Felicity akasema.

Akaenda kwenye ubao wa shule ya Jumapili, akafuta safina ya Nuhu, akachora mstari katikati, akaanza na sura ya tisa moja kwa moja. Alieleza kwa sauti ndogo, bila madaha. Wanawake walitikisa vichwa kama tunavyotikisa sote wakati mahubiri yametupita. Aliwauliza kama wameelewa. Verna akasema ndiyo. Mke wa mchungaji akasema ndiyo kabisa.

Twyla, kwenye kiti cha mbele, akanyoosha mkono na kuuacha juu.

"Mwalimu," akamwambia binti yake, "sijaelewa."