Pizza ya Kigiriki kwa moto wa mkaa, jibini ya kibuyu, na mama mkwe kutoka Basotu

Wakuu, poleni na majukumu.

Mwaka jana, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, mke wangu alifariki. Nimeanza na hilo ili asije mtu akaniuliza katikati, "mkeo yuko wapi mbona unapika wewe?" Sasa mnajua. Tuendelee na pizza, maana uzi huu ni wa pizza.

Nitasimulia kama ilivyokuwa. Sehemu nilizoaibika sitaziruka.

Mimi ni fundi ujenzi, naishi Mbulu mjini na binti yangu Vero, yuko darasa la tatu. Tangu msiba, jiko la nyumbani kwangu lilikuwa haliwashwi. Asubuhi chai na maandazi ya kununua, jioni chipsi, siku nyingine jirani anatuletea makande.

Sikuwa mvivu. Nilikuwa nikifika mlango wa jikoni naona kibao cha chapati cha mama Vero kimeegemea ukuta, narudi sebuleni.

Vero naye alikuwa anadonoa tu. Anakula kidogo, anasema ameshiba.

Habari zikafika Basotu kwa mama mkwe. Nani alizipeleka sijui, Mbulu ni ndogo. Mama akapiga simu.

"Baba Vero, nimesikia hapo kwako hakuna moto. Jumapili nakuja kumchukua mtoto. Atasoma huku."

Nikajibu, "Sawa mama."

Hilo tu. Mama mkwe habishiwi kwenye simu. Lakini wakuu, yule mtoto ndiye mtu pekee niliyebaki naye ndani ya nyumba.

Jumamosi akaja rafiki yangu Gidayeda kutoka Mogitu. Tulisoma wote shule ya msingi. Kwao ni watu wa ng'ombe, kwetu watu wa jembe, kwa hiyo utani hauishi. Aliwahi kuwa msaidizi wa mpishi kwenye kambi ya watalii, basi hata chai akikuchemshia lazima akutajie kambi. Siku hiyo alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa mama yake. Nikamweleza yote.

"Sasa umekaa unamsubiri bibi kama unasubiri polisi," akasema. "Mpikie!"

"Nimpikie nini? Mimi najua ugali."

"Ugali anao kwake, tena mzuri kuliko wako. Tunapika pizza ya Kigiriki."

Kwa wasiojua, na mimi sikujua, ni mkate bapa mnene kuliko chapati. Juu unaweka nyanya, vitunguu, hoho, zeituni na jibini nyeupe yenye chumvi. Pembeni mtindi uliochanganywa na tango na kitunguu saumu.

Vero akauliza, "Wagiriki ni watu gani?"

"Wana milima na mbuzi wengi," Gidayeda akamjibu.

"Kama sisi?"

"Kama nyie. Ila wao wanajua kupika."

Tukaenda sokoni. Nyanya, hoho, tango, vyote vipo. Tulipoulizia zeituni, mama wa nyanya akatuuliza kama ni zile za kwenye Biblia. Tukaachana nazo.

Jibini pia hakuna. Gidayeda akasema hiyo kazi ndogo, kambini waliwahi kuitengeneza wenyewe. Akamimina maziwa ya kibuyu kwenye kitambaa safi, akakifunga, akakitundika kwenye msumari, chini beseni. "Kesho mtaona kitu cheupe kama theluji."

Kesho yake asubuhi tukafungua.

Wakuu, ilikuwa ya kijivu. Mimi ni fundi, rangi ile naijua vizuri, ni plasta ambayo haijakauka.

Ambao hamjakulia huku niwaeleze. Kibuyu cha maziwa kinasafishwa kwa kijinga cha moto, unasugua ndani mpaka mkaa ushike. Mkaa huo ndio unaoyapa maziwa ile harufu nzuri ya moshi na kuyafanya yasiharibike. Gidayeda ameyanywa tangu azaliwe. Kwake maziwa rangi yake ni hiyo. Wala hakukumbuka kwamba kuna maziwa meupe.

"Wewe mtu wa ng'ombe," nikamwambia, "huu ni udongo."

"Weka chumvi, nyamaza."

Kwenye kukanda unga ndipo nilipokwama. Meza yangu ni ndogo na imejaa mashimo. Gidayeda akauliza kama nina kibao. Nikatazama pembeni. Vero akaingia jikoni, akarudi nacho mikononi, akakifuta vumbi kwa gauni lake, akakiweka mezani. Akaanza kukanda kwa ngumi kama alivyokuwa akifanya mama yake.

Nilitoka nje kidogo. Niliporudi nikawasha mkaa.

Oveni hatuna. Tulitumia sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, kama wanavyooka keki. Ya kwanza ikawa kigae. Nilizidisha moto wa juu. Nyumba ikajaa moshi, na katikati ya moshi huo boda boda ikasimama mlangoni.

Mama mkwe. Kawahi.

Tukamwamkia wote watatu kwa pamoja, "Shikamoo!" Gidayeda ana unga mpaka kwenye nyusi.

"Marahaba. Mnapika au mnachoma nyumba?"

Akakaa kwenye kiti, khanga begani, akatutazama tunavyohangaika na sufuria ya pili. Hiyo ilitoka vizuri. Kingo zimepata rangi, jibini ile ya kijivu imelainika juu ya nyanya. Sura yake haikupendeza, siwezi kuwadanganya.

Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Akakichukua kipande chake, akakinusa, akauma. Akatafuna muda mrefu.

"Maziwa haya ni ya kibuyu."

"Ndiyo mama."

"Nani kayaweka kwenye mkate?"

Gidayeda, shujaa wa kambi ya watalii, akaninyooshea kidole mimi.

"Ni sisi wote bibi," Vero akasema, huku mdomo umejaa. Akavuta kipande kingine. Halafu kingine. Akamwambia bibi yake, "Hoho kama huitaki nipe mimi."

Mama akampa. Akaacha kula, akawa anamtazama mtoto tu. Vero alikuwa anamweleza habari za Wagiriki na mbuzi wao, mtindi umemganda puani, na anacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu mwezi ule wa sita.

Mama akajifuta mikono taratibu.

"Baba Vero. Mimi niliambiwa hapa hakuna moto. Moto nimeuona. Mmeuzidisha, lakini upo." Akamtazama tena mtoto. "Asome hapa hapa. Ila shule ikifungwa tu, namtaka Basotu. Na usimlishe chipsi."

"Sawa mama," nikasema.

Gidayeda akaona hapo hapo naye achomekee lake. "Mama, na kambini tulikuwa tunapika..."

"Wewe kaoshe sufuria."

Wakuu, sisemi pizza ndiyo iliyombadilisha mama mkwe. Alitaka kuona mtoto anakula, akaona. Nilichojifunza ni kwamba mimi ningeendelea kuliogopa jiko lile mwaka mzima, na kumbe mwenzangu wa darasa la tatu alikuwa anasubiri niliwashe tu. Wewe mwenye msiba unayesoma hapa, usingoje ujisikie vizuri ndipo upike. Pika hivyo hivyo, hata ikiungua.

Wenye ujuzi wa jibini nyeupe nielekezeni hapo chini, na kama kuna aliyewahi kuona zeituni Mbulu aniambie duka. Na wajane wenzangu, wa kike na wa kiume, nyie mnapika nini? Nauliza kwa nia njema.

Jumatatu asubuhi tulimsindikiza mama stendi, kulikuwa na baridi. Vipande viwili vilivyobaki alivifunga kwenye khanga, akasema ni vya babu. Basi likaondoka. Vero akapunga mkono mpaka likapotea kwenye kona, halafu akanivuta shati, akaniambia tutembee haraka, kengele ya shule imeshalia.