Mifuko Themanini

Mtaani walimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akienda sokoni. Alikuwa mjane, fundi cherehani wa siku nyingi, mwenye maneno machache na jicho kali. Ukipita mlangoni pake na shati lililokatwa ovyo, hasemi kitu, lakini anakutazama mpaka mwenyewe unajishika kola.

Watu wa filamu walipokuja mjini walikuwa wanatafuta fundi anayejua mishono ya zamani, na kila waliyemuuliza aliwaelekeza kwake. Walitaka kuigiza mgomo wa wanawake wa kiwanda cha nyuzi, ule wa siku kumi na tisa, ambao wazee wa mji huo huhesabia umri wa watoto wao. Hawakujua kwamba aliyeuongoza mgomo ule ndiye aliyemzaa fundi wao. Alipowaambia, msimamizi wa mavazi, mwanamke mwenye miwani na kalamu nyweleni, alimshika mikono yote miwili akasema hii ni baraka. Siku hiyo Mama Futi alirudi nyumbani mwepesi kama pamba, akamhadithia kaka yake aliyekuwa akiishi naye, karani mstaafu, na wote wawili wakachelewa kula kwa mazungumzo.

Kesho yake akaoneshwa michoro. Sare za kiwandani zilikuwa gauni la kijivu lenye mifuko miwili mikubwa mbele. Mama Futi alicheka, akidhani mchoraji amepitiwa. Akaeleza kuwa sare zile hazikuwa na mfuko hata mmoja. Mwenye kiwanda aliamuru mifuko yote ing'olewe ili wanawake wasiibe nyuzi, na hata baada ya hapo walipekuliwa getini kila jioni, mmoja mmoja, mbele ya wanaume. Watu husema mgomo ulikuwa wa mishahara. Sivyo. Jioni moja mama yake alifikiwa na zamu ya kupekuliwa, akakataa, akaketi chini pale pale getini. Wa nyuma yake akaketi. Mpaka giza linaingia, wanawake mia mbili walikuwa wameketi mavumbini.

Msimamizi aliandika yote, tena kwa makini, akayapeleka kwa mwongozaji. Akarudi na michoro ile ile. Katika filamu, alisema huku akikwepa macho ya Mama Futi, kuna mwalimu anayempenda kiongozi wa mgomo na kumwandikia barua za kumwelekeza la kufanya, naye barua huzificha mfukoni. Bila mfuko hakuna barua, na bila barua hakuna hadithi.

Mama Futi akauliza ni mwalimu gani huyo, maana mama yake hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Ndipo mwongozaji alipokuja. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akangoja aketi, akasema, "Mama, nakuheshimu sana. Lakini hakuna mtu atakayekaa saa mbili kumwangalia mtu mwingine amekaa chini."

Mama Futi akaikunja michoro akaitia kapuni. Yeye alikuwa fundi tu.

Mwigizaji aliyechaguliwa akaja kupimwa. Binti mrefu kama mlingoti, ngozi laini kama kioo. Mama yake Mama Futi alikuwa mfupi, bega moja limeshuka kwa kubeba marobota, na uso wake ndui iliuchimba kama mvua inavyochimba mchanga. Lakini binti alikuwa na adabu. Futi ikiwa kiunoni mwake, aliuliza, "Alikuwaje, mama?" Basi fundi akajikuta anasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima: kikohozi cha vumbi la pamba, miguu iliyovimba, namna alivyoketi siku ile, polepole, kama mtu anayeketi kwake. Binti akaketi sakafuni kujaribu. Akaahidi kuzungumza na wakubwa.

Siku ya tatu alirudi, macho mekundu. "Wamekataa, mama. Mimi nami nimeajiriwa tu. Nikibisha watamleta mwingine, na huyo hata hatakuuliza."

Mama Futi aliwaza kuiacha kazi. Lakini akiiacha itashonwa na mwingine, tena vibaya, na mifuko itakuwepo vile vile. Akaketi kwenye cherehani. Magauni arobaini, mifuko themanini. Mfuko wa kwanza alijaribu kuushona vibaya makusudi, uzi ulegee, pindo lipinde, na mkono ukamkatalia. Akaufumua akaushona upya, imara, kwa mishono miwili.

Filamu ilipooneshwa, ukumbi ulijaa pomoni. Watu walilia. Kaka yake alilia kuliko wote. Mama Futi alitazama mbele kwa macho makavu, na kila barua ilipotolewa mfukoni aliinamisha kichwa. Nje watu walipanga foleni kumpa mkono na kumwambia, "Mama yenu alikuwa simba." Alijibu asante. Utawaambia watu mia tatu, mmoja mmoja mlangoni, kwamba wamemlilia mwingine?

Alijituliza kwa jambo moja: wenye kumjua mama walikuwa bado wawili, yeye na kaka yake, ambaye mwaka wa mgomo alikuwa na miaka kumi na miwili.

Miezi ikapita. Asubuhi moja wakaja wasichana wanne wa shule na madaftari, wametumwa na mwalimu wao kuuliza habari za mgomo. Kaka yake aliwakaribisha barazani, na yeye akaendelea kushona chumbani, dirisha wazi. Akamsikia kaka akisimulia vizuri, kwa sauti yake ya ofisini: mama alikuwa mwanamke mrefu, uso mzuri ajabu, na siku ile ya getini barua ilikuwa mfukoni, mkono wake umeibana.

Cherehani ikasimama. Akatoka mpaka mlangoni.

"Kaka," alisema taratibu, "mama hakujua kusoma. Na mfuko hakuwa nao."

Kaka yake alimtazama kwa upole, bila hila yoyote. "Wewe ulikuwa na miaka mitano, mdogo wangu. Umesahau. Mimi ndiye niliyemwona."

Wasichana walimtazama yeye, kisha kaka, kisha wakaandika.

Alirudi chumbani akaketi, akafumba macho amtafute mama mwenyewe. Picha yake haikuwahi kupigwa. Likaja gauni la kijivu, likaja geti, ikaja sauti ya kikohozi. Uso ulipokuja ulikuwa laini. Akaufukuza, ukarudi. Akaufukuza tena. Nje kaka yake alikuwa amefika siku ya tisa ya mgomo, na msichana mmoja alimwomba arudie kidogo, maneno yamempita kabla hajayaandika.