Bi Majibwa na Mbwa wa Ghala la Mbao

Bi Majibwa amefariki. Habari hii nimeipata Biashara Street, kwenye duka la leso ambalo niliingia kukimbia jua tu. Muuzaji alikuwa akikunja doti zake, akaniambia bila kuinua uso, "We mzee wa gazeti, yule bibi yako wa mbwa katangulia. Wamemzika jana baada ya alasiri." Nikakaa juu ya robota la nguo. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua leso wakaanza kumsifu: mtu wa heri, mtu wa huruma, hana mfano. Mmoja wao namjua. Ndiye aliyekuwa akivuta buibui lake kando kila akipishana naye uchochoroni, akisema kwa sauti ya kusikika, "Harufu hiyo!" Mji huu ukishamfukia mtu humpenda sana.

Hilo jina la Bi Majibwa alipewa kwa dhihaka, naye akaliitikia. Watoto wa chuo cha Kurani wakimpigia kelele, yeye hujibu, "Labeka, wajukuu zangu," mpaka wakaona haya wenyewe. Alikuwa akikaa Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu, akijiendesha kwa kushona kofia. Kule Liwatoni alirithi kiwanja chenye kuta za mawe bila paa, na humo ndimo alimowaweka mbwa aliowaokota: waliogongwa na magari, waliomwagiwa maji ya moto, waliofungwa wakasahauliwa. Mtu asiyeijua pwani ataliona jambo dogo. Lakini mate ya mbwa ni najisi kwa Muislamu, na bibi huyu hakukosa sala. Basi akifika Liwatoni asubuhi alivua nguo alizokuja nazo, akajifunga leso kuukuu zilizokaa huko huko, na mlangoni aliweka karai la udongo safi na pipa la maji. Akilambwa, huosha pale mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomtaka. Kisha hurudi kwa mbwa yule yule akalambwa tena. Siku moja mwalimu wa madrasa alikuja kumuonya, nami nilikuwepo. "Bibi, wajitaabisha bure. Waosha, wachafuka, waosha." Akamjibu huku anakoroga sufuria ya vichwa vya samaki, "Na sahani zako, maalim? Si wala, waosha, wala tena?" Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo alikuja na ukoko wa wali wa maulidi badala ya maonyo.

Mimi nilimjua kwa sababu ya mbwa mmoja. Wakati huo, kabla gazeti halijanipa safu hii, nilikuwa bawabu kwenye ghala la mbao, maana mtu aliyeachia shule darasa la tano mji huu humpa lango alinde. Mbwa alifungwa ukutani, hatua chache kutoka kwenye kiti changu. Alifungwa mnyororo akiwa mdogo, na shingo ikakua, mnyororo haukukua. Nilimwambia tajiri mara nyingi. Alinijibu, "Mbwa mwenye raha halindi." Siku ya Idi, mchana kweupe, kila mtu yuko kwao anakula biriani, nami Mkristo nimeachwa zamu, wezi wakaja. Walinipiga panga mgongoni kabla sijageuka. Yule mbwa alijivuta kunifikia mpaka mnyororo ukazama kwenye nyama ya shingo, akabweka bila kukoma, na kubweka kwake ndiko kulikowaleta watu. Mimi nilipelekwa hospitali nikashonwa. Yeye aliachwa pale pale, na chuma shingoni. Nilipotoka na mkongojo, nilimkuta bawabu mwingine kwenye kiti changu, na mbwa amelala kwenye mkojo wake, shingo inanuka. Mhariri wangu hukata majina, kwa hivyo nitasema hivi: ni yule tajiri wa mbao mwenye lango la kijani, anayegawa tende kila Ramadhani huku anapigwa picha. Ndiye. Akisoma hapa na ajijue.

Hospitalini mvuvi mmoja aliyelala kitanda cha jirani alikuwa amenieleza kuhusu bibi wa Liwatoni. Nikaenda kwake moja kwa moja. Hakuniuliza mimi ni nani wala dini gani. Alisema tu, "Kaa kitako, mwanangu, usije ukaanguka," akatuma aitwe hamali mwenye mkokoteni. Tulipofika ghalani tajiri alitoka kwa kicheko. "Bibi, wewe mtu wa msikitini wataka kujitia najisi kwa jibwa hili?" Bi Majibwa alimtazama mbwa kwanza, kisha yeye. "Najisi ya huyu ina dawa. Maji yapo, udongo upo. Hiyo yako wewe utaioshea nini?" Wapasuaji mbao wakaangua kicheko. "Tajiri leo kapatikana!" Naye akapandwa na hasira, akasema tuchukue takataka tuondoke. Mnyororo ukakatwa upande wa ukutani, mbwa akavutwa kwa kichwa cha samaki mpaka ndani ya sanduku la mbao. Njiani bibi akampa jina, Mgeni, kwa sababu, alisema, mgeni hata akikutukana humlazi na njaa.

Ila Mgeni hakutaka kushikwa. Daktari wa mifugo, mtu mmoja mwema kutoka bara, alijaribu, nusura apoteze vidole. Dawa ya usingizi akakataa kumpa. Alisema kwa udhaifu ule moyo ungesimama. Akavua glovu akasema, "Mama, kidonda kinaoza. Nikirudi Jumatatu akiwa bado hashikiki, nitamdunga sindano ya kummaliza. Kumuacha hivi ni ukatili." Bi Majibwa akasema, "Haya. Jumatatu." Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria mwili unanisisimka. Aliingia kwenye kibanda alimowekwa Mgeni, akaketi chini karibu kabisa na mdomo ule uliokuwa ukinguruma, akageuka, akampa mbwa mgongo wake. Akatoa kofia yake na sindano, akaanza kushona.

Nilimwita kwa hofu, "Mama, toka humo, atakurarua!" Akaniambia pasipo kugeuka, "Mtu akimtazama usoni, yeye hukumbuka fimbo. Mgongo haujampiga bado. Nawe ingia, ukae." Sikuingia. Mimi tangu ile Idi nilikuwa nakula nimeegemea ukuta, nalala nimeegemea ukuta, hata kinyozi nilimkataza kusimama nyuma yangu. Nilikaa nje nikatazama mwanamke mzee, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, akishona maua juu ya kofia huku meno ya mbwa yakiwa nyuma ya shingo yake. Alishinda hivyo siku ile na siku zilizofuata. Akitoka kusali, akarudi, akaketi vile vile. Wakati mwingine alimsimulia umbea wa mtaani, nani kaolewa, nani kaachwa, kwa sauti ya mtu anayezungumza na shoga yake.

Jumapili mbwa aliacha kunguruma. Jumatatu asubuhi, daktari akiwa amekwisha piga hodi mlangoni, Mgeni alisimama, akatetemeka miguu yote minne, akasogea, akaweka kichwa chake kizima kwenye mgongo wa Bi Majibwa na kuuegemea. Sindano ya bibi ya kushonea ilisimama hewani. Niliona machozi yakimshuka, nayo hakuyafuta. Alinyoosha mkono nyuma taratibu, akakipata kile chuma kwa vidole, akakishika, na mbwa hakung'ata. Daktari alikata mnyororo, bibi akiwa bado amempa mbwa mgongo. Ilipotoka pete ya mwisho Mgeni alilia kama mtu. Mimi nilijikuta niko ndani ya kibanda, nimepiga magoti, na sijui niliingia saa ngapi. Mgeni aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanenepa, akawa mwizi wa samaki asiye na haya.

Wapo walioniambia niache kuandika habari za mbwa wakati watu wana shida. Nawajibu kwamba mimi ni mmoja wa hao watu. Wenye maghala wa mji huu hutuajiri sisi mabawabu na mbwa kwa moyo mmoja, hututupa kwa moyo huo huo, na wapita njia huokota mawe na kumlenga aliye kwenye mnyororo. Nimeona kwa macho yangu kiumbe aliyeteswa akirudishiwa imani yake na mtu asiyekuwa na kitu ila subira, na sijaona, ndani ya kanisa wala nje yake, jambo kubwa kuliko hilo. Basi, msomaji, ukimkuta mbwa anakuonyesha meno, weka jiwe chini. Uliza nani alimfunga. Ukishajua, nenda ukagonge lango la huyo mtu, naye akutazame usoni.