Kreti la Soda Msaragamboni

Mvua ya kwanza ikigonga saruji iliyochomwa na jua, hutoka harufu ya vumbi na chokaa. Wengine huipenda. Mimi siipendi, maana hunikumbusha Mzee Kajiru na ua wake.

Alikuwa jirani yetu wa upande wa juu pale Same. Alistaafu Dar, akarudi na kitambi na maneno mengi. Sisi wengine tulishuka kutoka milimani na mazoea yetu: kila ua ulikuwa na mashimo ya mboji na matuta yaliyopandwa majani ya ng'ombe, ili mvua ya kila mtu inywee kwake. Kwa Mzee Kajiru huo ulikuwa ushamba. Alimwaga saruji ua mzima, akauinamisha kuelekea getini. Gari hakuwa nalo, lakini pa kuligeuzia palikuwepo.

Mteremkoni, chini ya geti hilo, ndipo lilipokuwa jiko letu la matofali mabichi. Humo mama alipika chapati za kuuza stendi, na chapati hizo ndizo zilizotulisha. Mama alikwenda, akamwamkia, akamwomba achimbe walau shimo moja. Mzee aliendelea kufagia jani moja lililomkera.

"Mama Neema, maji yakishatoka getini si yangu tena."

Vuli ilipoanza, maji yale yasiyo yake yalikata matuta yetu na kuubeba ukuta wa jiko, unga na kuni humo humo. Kuku aliyekuwa ameatamia tulimkuta kwa jirani, mzima, amenuna.

Asubuhi pembe ya msaragambo ililia. Kwetu Upareni ikilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, awe tajiri au fukara. Walikuja wenye maduka ya barabarani na kanzu wamezikunja, wakaja Walutheri na wanakwaya wao. Tulichimba mashimo mapana chini ya geti, tukayajaza mawe, kandoni tukapanda mipapai. Mzee Kajiru hakutokea. Alituma kreti la soda, baridi, chupa zikitoka jasho.

Koo lilikuwa limenikauka. Mama akanishika mkono.

"Ziache."

Hakuna aliyegusa hata moja. Zilikaa juani mpaka zikawa kama chai, kisha zikarudishwa zote, zikawekwa katikati ya ua wake uliofagiwa. Nilimnunia mama siku nzima. Niliona ni roho mbaya tu.

Siku hizi mipapai ile inazaa hata kiangazi, wakati Mzee Kajiru ananunua maji ya mkokoteni. Juzi nikiwa likizo nilimsikia akiwaambia wageni, kwa majivuno yale yale, kwamba mipapai yetu inakunywa maji yake. Mmoja akamuuliza kama mashimo pia aliyachimba yeye. Mzee akatazama pembeni, akatafuta jani la kufagia.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Chupa moja tu ingefunguliwa siku ile, angejibu ndiyo.